Dakika Ishirini

Kwetu Kutaisi jozi huingia kila mahali, haibishi hodi:
imesagwa, imejazwa ndani ya biringani,
imelala kwenye mchuzi wa kuku,
imetungwa uzi na kuchovywa uji wa zabibu
hadi ikawa kama mshumaa wa kutafuna.
Mimi niliila mara moja tu, nina miaka miwili,
kipande kidogo kuliko ukucha wangu,
na mama anasema niligeuka rangi ya biringani hilohilo.

Mayai, hapana. Maziwa, hapana.
Samaki ndiyo, mpaka siku samaki naye alipokataa.
Mama Lamara akawa msomaji wa makopo,
kidole chini ya herufi ndogo, midomo ikitembea,
kama anayetafuta jina la mwanawe kwenye orodha ya waliofaulu.
Akinionjesha kitu kipya, tone moja ulimini,
tunakaa mezani tunatazama saa.
Dakika ishirini.
Nilijua kusoma saa kabla sijajua kusoma.

Mwezi wa Mei mipopla ya mtaani ilimwaga sufi.
Wenzangu waliichota kingoni mwa barabara, wakaitia kiberiti,
moto ukakimbia kama paka aliyeiba.
Mimi nyuma ya kioo kilichozibwa kwa utepe,
macho nyama mbichi, pua bomba bovu.
Daktari Otari alisema sufi haina kosa,
kosa ni la chavua ya nyasi, ambayo haionekani.
Sikumwamini. Adui nilimtaka awe na sura.

Siku Nukri alipotimiza miaka sita
wote walipewa keki, mimi nikapewa puto.
Puto nalo likanitoa mabaka.

Bibi Tsiuri hakuwa na imani na mambo haya.
"Wakati wa njaa," alisema, "watu walikufa kwa kukikosa chakula.
Hakuna aliyekufa kwa kukipata."
Mkesha wa mwaka mpya, nina miaka saba, akanibusu.
Alikuwa ametoka kuonja mchuzi.
Shavuni pakaumuka midomo miwili, myekundu,
mpaka ule mkunjo wa pembeni ulionekana.
Kisha koo.
Kisha sindano pajani, soksi haikuvuliwa.
Kisha barabara usiku, mjomba Ilo anaendesha huku analia,
na mimi nahesabu nguzo za umeme
kwa pumzi nyembamba kama uzi wa kushonea.

Hakuniambia pole. Hakuwa mtu wa pole.
Ila mwaka uliofuata niliiona sahani yake:
viazi, mkate wa mahindi, chumvi.
Wageni wakamsihi. "Tumbo," akasema, "tumbo linanisumbua."
Tumbo lilimsumbua miaka kumi na tisa.
Mama alininong'oneza baadaye sana
kwamba wiki nzima kabla sijafika alisugua meno kwa chumvi
hadi fizi zikatoa damu.
Na bado hakunibusu.
Alinigusa kisogoni, kwa mgongo wa mkono,
upande usioshika chakula.

Machi hii wakamlaza.
Siku ya tano hajala, maji tu, kwa pamba.
Nikapiga hesabu; sikuweza kujizuia,
nimelelewa kwa hesabu hizo:
kinywani mwake hamna kitu. Hamna.
Nikainama, nikaweka shavu langu pale,
midomo yake ikajikunja, mikavu kama ganda la kitunguu.
Akafumbua jicho moja.
"Kichaa wee. Sindano unayo?"
Ninayo, bibi.

Nikakaa kitini, mazoea tu,
nikatazama saa ya wodi.
Yeye naye akaitazama.
Muuguzi aliingia, akatukuta hivyo, akatoka.

Ilipotimu ya ishirini
akainua kidole kutoka kwenye blanketi,
akanionyesha: shavu la pili.